Vikaushio vya Jua Katika Mavuno ya Mvua

Jumapili, 3 Mei 1998

Kwa jina lake Yeye aliyetenga maji na nchi kavu, ninaanza kuandika habari za mavuno haya.

Tangu Novemba mvua haijatuacha. Hapa Mofu, bondeni Kilombero, tumezoea mto kupanda na kushuka kwa majira yake, lakini mwaka huu umepanda ukakaa, kama mgeni aliyesahau kwao. Mpunga umeiva ndani ya maji. Tunauvuna tukiwa tumezama hadi magotini, tunaurundika mahali palipoinuka, na rundo linapata joto kwa ndani na kuanza kuoza kabla hatujaona jua la kuanika.

Leo baada ya ibada nilisoma tangazo la Ofisi ya Kata: serikali imetoa fungu la utafiti wa nishati ya jua, na mtafiti atakuja kujaribu kukausha mpunga kijijini kwetu. Watu walisikiliza kwa adabu. Gosbert, mwenye mashine ya kukoboa, akauliza kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma, "Na jua lenyewe la kutafitiwa liko wapi?"

Jumatano, 6 Mei

Mtafiti amefika kwa trekta, kwa kuwa barabara ya kutoka Ifakara haipitiki kwa gari. Nilimtarajia mwanamume wa makamo. Aliyeshuka ni binti, mhandisi kutoka chuo kikuu, matope yamempanda hadi kiunoni. Jina lake Odilia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Fransisko. Shikamoo."

"Milele, amina. Marahaba, mwanangu. Wenzako wako nyuma?"

"Ni mimi na fundi Faustin, na mbao hizi."

Alinieleza kazi yake kwa utulivu. Kikaushio ni sanduku refu kama kitanda. Chini kuna bati lililopakwa rangi nyeusi, juu kuna plastiki nzito inayopitisha nuru. Hewa huingia upande mmoja ikiwa baridi, hupata moto juu ya bati, hupenya katikati ya mpunga uliotandazwa kwenye wavu, kisha hutoka kwa bomba ikiwa imebeba maji. Feni ndogo huisukuma, nayo inazungushwa na paneli ya sola. Alisema hata siku ya mawingu mepesi sanduku hupata joto la kutosha.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo serikali inawalipa mjaribu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mkikosea?"

"Tumelipiwa hata kukosea, mradi tueleze tumekosea wapi. Afadhali nikosee mimi kwa debe mbili za majaribio kuliko mkulima akosee kwa magunia yake yote."

Jibu hilo halikunipendeza. Zahanati yetu haina dawa, daraja letu limekwenda na maji, nami ninaambiwa kuna fedha ya umma iliyotengwa kwa ajili ya kukosea. Hata hivyo nimempa kiwanja cha nyuma ya kanisa letu la kigango, kwa kuwa ndipo pekee palipo pakavu. Halmashauri ya kigango imeniuliza nimekitoa kwa ruhusa ya nani. Nimejibu: kwa dhamana yangu mimi katekista. Kama kazi hii itaharibika, jina langu limo ndani yake.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada Odilia alisimama mbele akaomba kila familia, kwa zamu, ilete debe mbili za mpunga uliovunwa siku hiyo hiyo. Kanisa zima liliitikia, "Ndiyo."

Nikaona niongeze uzito. Nilisema, "Ndugu zangu, hii ni kazi ya taifa, na mgeni yu kwetu. Mnajua tunavyoleta malimbuko altareni. Hayaji na matope. Mofu isiaibike."

Wakaitikia "Ndiyo" kwa nguvu zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha juu ya utii wao.

Alhamisi, 14 Mei

Masanduku manne yamesimama. Mpunga wa kwanza umeingia. Kipimo cha unyevu alichoahidiwa Odilia kimekwama Dar es Salaam, kwa hiyo anakwenda kwa hesabu ya saa: mpunga mbichi unahitaji kadiri fulani ya joto kwa muda fulani, basi. Jua lilitoka kidogo baada ya adhuhuri. Nilitia mkono kwenye mlango wa kikaushio, nikautoa upesi kwa jinsi kulivyokuwa na moto.

Jumanne, 19 Mei

Leo tumekoboa. Tulisimama sote kwenye mashine ya Gosbert kama watu wanaongoja hukumu, na hukumu ikatoka. Zaidi ya nusu ni chenga. Mpunga ule ule tunaolima miaka yote, unaotoa mchele mrefu, umetoka vipande kama chakula cha vifaranga.

Gosbert alitia kiganja, akaacha umwagike polepole. "Mhandisi, hii mashine yangu hukoboa. Kusaga ni ile ya jirani."

Watu walicheka. Odilia hakucheka, wala hakukasirika. Aliomba kikombe kimoja cha zile chenga, akaondoka nacho.

Alhamisi, 21 Mei. Kupaa Bwana

Mvua tangu alfajiri. Ibada ilikuwa na watu wachache.

Jumanne, 26 Mei

Zamu nyingine, chenga zaidi. Na limezuka jambo jipya: Domitila, anayefua vitambaa vya altare, alipika mchele ule akasema unanuka moshi. Wengine wakaonja, wakathibitisha. Gosbert amepata neno la juma zima: "Jua la serikali linatoa moshi."

Odilia alilichukua neno hilo kwa uzito. Akazunguka akinusa mabomba, wavu, hata mbao. Hatimaye aliamua kwamba masanduku yako karibu mno na jiko la nyumba anamofikia Paroko, akaomba yahamishiwe mwisho wa kiwanja. Tuliyabeba siku nzima, tope likitunyang'anya viatu.

Tulipokwisha, nilimkuta ameketi juu ya kipande cha mbao.

"Mzee, sijakuambia. Mwishoni mwa Juni kamati inayosimamia fungu la utafiti itakuja kutazama. Wakikuta mchele wa namna hii, fedha zitahamishiwa kazi nyingine na masanduku yatavunjwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi kufundisha, sitakosa ugali. Ninachoogopa ni maandishi. Yataandikwa kwamba kukausha mpunga kwa jua Kilombero kulijaribiwa kukashindikana. Baada ya hapo hakuna atakayepewa fedha ya kujaribu tena. Na mvua kama hizi zitarudi."

Niliketi kando yake. Katika ujana wangu seminarini tulifundishwa kwamba anayefunga mlango hujibu pia kwa ajili ya wale ambao wangepita baadaye.

Jumapili, 31 Mei. Pentekoste

Nimetoka kwa mjane Rosemery. Rundo lake lote limechipua. Lilikuwa kijani kibichi, zuri kutazama, na ndani lina moto unaochoma mkono. Alisimama kando, mikono kifuani.

"Katekista," alisema, "nimevuna nikapata kitalu. Mwaka huu nitakula miche."

Nilisali naye. Amebakiwa na robo ya shamba, bado imesimama majini. Nilipokuwa nikirudi nilipita kiwanjani, nikaona kwamba chuki yangu juu ya neno "kukosea" imepungua. Sisi pia tunakosea kila mwaka wa mvua, na hakuna anayetulipia.

Jumatano, 3 Juni

Ndaki amekuja kuomba zamu. Huyu ni Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache iliyopita, na sasa analima mpunga pia. Mwaka juzi ng'ombe hao walilala ndani ya shamba langu, wakaamka wameshiba. Tangu hapo salamu zetu zimekuwa fupi.

"Mwangaluka, Mzee. Nimesikia kuna sanduku la kukausha."

"Zamu ni za waamini wa kigango," nilimjibu.

Hakuna mtu aliyepata kusema hivyo. Maneno hayo niliyatunga mimi, saa ile ile. Odilia, aliyekuwa akifunga wavu, aliinua kichwa.

"Samahani, Mzee. Kiwanja ni cha kigango, mna haki ya kukitolea amri. Lakini hizi fedha si zangu wala si zako. Ng'ombe wa Ndaki akiuzwa mnadani, hulipiwa ushuru. Na yeye yumo katika masanduku haya."

Ndaki akatazama masanduku kwa makini. "Kama nimelipia hata upande wa mkia tu," alisema, "nipewe upande wa mkia."

Faustin alicheka. Mimi niliona aibu, nikampangia zamu ya Ijumaa.

Ijumaa, 5 Juni

Ndaki ameleta mpunga. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye gunia, na lilipofunguliwa kulikuwa na majani, tope, na chura mdogo aliyeruka akaondoka zake. Akina mama waliokuwa wakingoja walijifunika khanga usoni. Nilimsikia Evelina akisema, "Jamani, huyu nyumbani kwake hakuna mwanamke?" Mimi nami nilimwonea haya mbele ya mhandisi. Nilimwazia kuwa mtu asiyejua namna ya kumheshimu mgeni.

Jumatatu, 8 Juni

Siku hii ni ya kuandikwa yote.

Mpunga wa Ndaki umekobolewa, na mchele umetoka mzima. Mrefu, mweupe, chenga za kuhesabika, wala haunuki chochote isipokuwa mpunga. Gosbert alichota mara tatu. Hatimaye akasema, "Leo mashine imeamkia vizuri." Akakoboa zamu ya Evelina, iliyotoka katika sanduku lile lile kwa idadi ile ile ya saa. Chenga.

Mara minong'ono ikaanza kwamba Wasukuma wana dawa. Ili kuizima nilimwuliza Ndaki mbele ya wote.

"Umefanya nini na mpunga wako?"

"Nimefanya alivyosema dada. Mimi kanisani sikuwapo, Faustin alinieleza tu. Mpunga wa siku hiyo hiyo. Nikavuna, nikapura, nikaleta."

"Hukuutengeneza kwanza?"

Alinitazama kama mtu anayeona swali halina mantiki. "Mzee, si ndiyo kazi ya sanduku?"

Nilitazama akina mama. Kila mmoja alikuwa akitazama chini.

Jumanne, 9 Juni

Asubuhi niliingia jikoni kwangu, mahali nisipoingia mara kwa mara. Juu ya mafiga, kwenye kichanja, mpunga ulikuwa umetandazwa ukifukizwa moshi. Mke wangu Kandida alikuwa akichochea kuni.

"Mama Viktor, huu ni wa nini?"

"Ni wa zamu yetu ya keshokutwa."

"Unaukausha ili ukakaushwe?"

Aliweka chini ukuni. "Baba Viktor, ulitaka nimpelekee mgeni mpunga wa matope, Domitila na Evelina wakitazama? Nani alisema malimbuko hayaji na matope?"

"Na nyumba nyingine?"

"Zote. Debe mbili zinaenea kichanjani. Kuni zimekwisha kijiji kizima, tunaazimana."

"Lakini binti aliomba uliovunwa siku hiyo hiyo, nanyi mkaitikia."

"Tuliitikia. Mgeni anabishiwa?"

Niliketi juu ya kigoda chake. Ndipo mambo yote yalipokaa mahali pake: mpunga uliokwisha kukauka kwa moto wa kuni ulitiwa tena katika joto la sanduku kwa saa zilizohesabiwa kwa mpunga mbichi. Ungekosaje kupasuka? Na ule moshi haukutoka kwenye jiko la Paroko. Ulitoka katika majiko yetu sote, na neno lililouwasha lilitoka kinywani mwangu. Wakati huo huo marundo shambani, ambayo hakuna kichanja cha kuyatosha, yalikuwa yakioza.

Nilikwenda kwa Odilia nikamweleza bila kupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko cha mkono.

"Kumbe chenga zote zile ni za heshima, Mzee."

"Ni za heshima," nilikubali. "Na za katekista."

"Zamu zote nitaanza upya. Lakini watakubali kuleta matope?"

Nilimwambia nitasema nao Jumapili.

Jumapili, 14 Juni. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo

Kabla ya matoleo nilisimama nikasema kwamba nililolitangaza Mei lilikuwa kosa, na kwamba mgeni ataheshimiwa kwa kupewa alichoomba, si kwa kupewa tunachojisifia. Nikaomba mpunga mbichi, na majani yake, na tope lake.

Hakuna aliyeitikia. Nilifahamu sababu. Mwanamke wa bonde hili hupimwa kwa usafi wa mpunga wake, nami nilikuwa nikiwaomba wakauweke uchafu hadharani.

Ndipo Kandida aliposimama kutoka nyuma. Hakuwa ameniambia kitu. Alikuwa na nusu gunia kichwani, mbichi, maji yakimtiririka mabegani juu ya khanga yake ya sikukuu. Alipita katikati ya kanisa hadi mbele, akalitua chini ya altare, pakalowa. Nikasikia Evelina akinong'ona, "Hata Mama Katekista." Akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Alirudi na ndoo ya mpunga mbichi aliyokuwa ameifunika chini ya mti kwa kuona haya kuiingiza, na baada yake Domitila, na baada yake Rosemery, mpaka sakafu niliyoifagia mwenyewe ikawa kama ukingo wa mto. Tuliimba. Sikumbuki lini mara ya mwisho kigango hiki kiliimba namna hiyo.

Jumatano, 17 Juni

Kipimo cha unyevu kimefika kwa treni. Odilia alikijaribu katika mpunga mbichi, kisha katika mpunga uliobaki kichanjani kwa Evelina. Alinionyesha tarakimu mbili. Hata mimi niliziona tofauti zake.

Jumatatu, 22 Juni

Mvua, jua, mvua. Mchele mzima siku ya nne mfululizo. Vijana wanafuata Kombe la Dunia la Ufaransa redioni, wazee wanafuata masanduku.

Ijumaa, 26 Juni

Kamati imekuja: watu watatu, wakiongozwa na profesa mzee aitwaye Salvatory, asiyetabasamu. Wameyakagua masanduku, wamepanda juu, wamelala chini kutazama bati. Kisha tukaketi kigangoni.

Odilia aliweka masinia mawili mezani, la mchele mzima na la chenga. Nakiri kwamba nilitamani lile la pili angelificha. Hakuna ambaye angejua.

Profesa Salvatory akaligusa kwa kalamu. "Mhandisi, fedha ya umma ndiyo iliyotoa sinia hili?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kwa majuma mangapi?"

"Manne. Na bila sinia hili nisingekuwa na lile jingine. Sikuuliza mpunga unapita wapi kati ya shamba na sanduku. Nilidhani hakuna kitu hapo katikati. Kuna jiko."

 Niliomba ruhusa, nikasimama.

"Mheshimiwa," nilisema, "binti huyu alipofika nilimwuliza kwa nini taifa maskini lilipie kukosea. Leo nakuomba uniruhusu kujijibu. Baba zetu walikosea kwa mvua kama hizi, wakala miche. Hakuna aliyeandika, kwa hiyo nasi tulikosea vile vile. Kosa la mwaka huu limegharimu debe chache, nalo limeandikwa, na mtu wa Malinyi hatalirudia. Mimi naona hiyo ni fedha iliyofika mahali pake. Kosa lenyewe nusu yake ni langu, na nusu ni la adabu njema ya watu hawa."

Profesa aliomba aelezwe juu ya kichanja. Kandida akaitwa, akaeleza kila kitu, kuanzia kuni hadi ndoo. Profesa akaandika kwa muda mrefu.

"Mama, mwaka ujao ungetushauri nini?"

"Mwaka ujao mje kwetu wenye majiko kwanza," Kandida alisema. "Kanisani mtatangaza baadaye, wanaume nao wapate kusikia."

Hapo Profesa Salvatory alitabasamu. Waliondoka na masinia yote mawili, yamefungwa kwa uangalifu ule ule.

Jumatatu, 29 Juni. Watakatifu Petro na Paulo

Hakuna habari. Robo ya shamba la Rosemery imevunwa, imo masandukuni. Aliyembebea kwa mkokoteni wa ng'ombe ni Ndaki. Nilimkaribisha chai nyumbani kwangu, tukazungumza juu ya malisho hadi sufuria ikaisha.

Jumamosi, 4 Julai

Odilia alikwenda Ifakara kupiga simu, amerudi mchana. Alitembea kutoka barabarani bila kukimbia, nami nilimtazama usoni kutoka mbali, nikajua kabla hajasema.

Fungu limeongezwa kwa misimu mitatu. Vikaushio vingine vitajengwa hapa Mofu, na vya majaribio vitapelekwa Malinyi na Sanje. Kamati imeagiza kwamba kabla ya kutandaza mpunga wowote, mtafiti akae kwanza na wanawake wa kijiji jikoni mwao; na Kandida na Rosemery watakwenda Malinyi kuwafundisha wenzao, wakilipiwa nauli na posho na serikali. Mke wangu alinitazama kwa namna inayonitaka nisiseme kitu, nami sikusema.

Niligonga kengele ya kigango, ingawa haikuwa saa ya sala. Watu walikuja mbio wakidhani ni msiba, wakakuta ni heri. Rosemery alikuwa ametoka tu mashineni na mchele wake, mzima, mrefu. Aliuinua ungo juu ya kichwa akazunguka nao kiwanja chote, na akina mama wakamfuata kwa vigelegele. Deo gratias, Mungu ashukuriwe, nilisema, na tena Deo gratias, kwa kuwa Kilatini changu kiliishia hapo kwa furaha.

Foleni ya masandukuni ilikuwa bado ndefu. Nilipokuwa nikiipanga niliona mtu amesimama kando na magunia mawili yanayochuruzika, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alikuwa Gosbert.

"Katekista, shikamoo. Hivi vimpunga vyangu vimenyeshewa kidogo. Nafasi ipo?"

"Marahaba. Ipo. Ni jua la serikali, lakini moshi limeacha."

Alikubali kuchekwa, jambo ambalo sikumtazamia. "Nisimame wapi?"

Nikamwonyesha mahali pake: nyuma ya Ndaki.